Shajara ya mradi: picha ya pili ya ubongo, Tabora

Mradi huu unauliza jambo moja. Je, hatua zinazochukuliwa katika saa za kwanza baada ya mgonjwa wa kiharusi kufikishwa hospitali hapa Tabora zinaacha alama inayopimika ndani ya ubongo? Kipimo ni CT scan mbili za kichwa, ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili saa 24 baadaye. Kwenye kiharusi cha kuvuja tunapima kama bonge la damu limekua. Kwenye kiharusi cha kuziba tunapima ujazo wa eneo lililokufa, na kama damu imevujia ndani yake. Siku ya 90 mgonjwa anapimwa kwa mizani ya Rankin iliyorekebishwa, inayoanzia 0 (hana dalili yoyote) hadi 6 (amefariki).

Takwimu za wagonjwa haziandikwi humu mpaka uchambuzi ufungwe, kwa sababu wasomaji wa picha nao wanaisoma shajara hii na hawatakiwi kujua matokeo yanaelekea wapi. Kinachoandikwa ni kazi yenyewe: kilichoamuliwa, kilichoharibika na sababu yake.

Wiki ya 1 na ya 2: picha ya pili ichukuliwe lini

Rasimu ya kwanza iliweka picha ya pili siku ya 14, mgonjwa anaporudi kliniki. Hoja ilikuwa gharama: mgonjwa wa Urambo, Kaliua au Sikonge angekuja mara moja tu na kumaliza yote. Tumeifuta.

Sababu ni ukungu wa wiki ya pili na ya tatu. Kiharusi cha kuziba kinapokuwa na wiki mbili hivi, uvimbe umeshuka, seli za kusafisha mabaki zimeingia kwa wingi, na mishipa midogo mipya imeanza kuota. Vitu hivyo vinapunguza weusi wa eneo lililokufa hadi lilingane na ubongo mzima unaolizunguka. Kwenye CT isiyo na dawa ya rangi, eneo lile linafifia au linatoweka kabisa. Msomaji mzuri, akiwa makini, ataandika ujazo mdogo, na mradi utatangaza kwamba tiba imeokoa ubongo ambao haukuokolewa. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu linaelekea upande tunaoutamani.

Siku ya 5 nayo ina tatizo lake, la upande wa pili. Uvimbe wa ubongo hufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, hivyo eneo linapimwa likiwa limetutumka na kusukuma mstari wa kati, na ujazo unazidi tishu iliyokufa kweli.

Tumebaki na saa 24, tukikubali nafasi ya kati ya saa 20 na saa 32. Udhaifu wake tunaujua: baadhi ya maeneo yanaendelea kukua baada ya hapo. Lakini kwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, picha ya saa 24 inahitajika hata bila mradi, maana aspirini haianzishwi kabla ya kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Na kwa kiharusi cha kuvuja, sehemu kubwa ya ukuaji wa bonge huwa imeshamalizika ifikapo muda huo.

Kuhusu hilo la mwisho, kazi ya Brott na wenzake ya mwaka 1997 ndiyo inayoongoza fikra zetu. Walipiga CT wagonjwa 103 ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, wakarudia saa 1 baadaye na tena saa 20 baadaye. Asilimia 26 walikuwa na bonge lililokua wazi ndani ya ile saa moja ya kwanza, na asilimia 12 zaidi kufikia saa ya 20. Maana yake kwa Tabora ni nzito. Mgonjwa aliyepitia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya kabla ya kufika mjini, anaweza kupigwa picha ya kwanza saa 10 baada ya kuanguka. Bonge lake limeshakua njiani. Kati ya picha yake ya kwanza na ya pili hakutaonekana mabadiliko makubwa, na utulivu huo hautokani na tiba yetu. Kwa hiyo hakuna tarakimu ya ukuaji itakayochambuliwa bila kuambatanishwa na muda uliopita kutoka dalili hadi picha ya kwanza.

Wiki ya 3: saa ya Kiswahili na saa ya mashine

Wiki nzima imeishia kwenye saa, na tunaiona kuwa wiki iliyotumika vizuri kuliko zote hadi sasa.

Ndugu anasema, "Alianguka saa nne asubuhi." Anayejaza fomu anaandika 04:00. Mashine ya CT inaonyesha picha imechukuliwa 13:10. Kwenye faili mgonjwa ana saa 9 na dakika 10. Ukweli ni kwamba saa nne asubuhi ni 10:00, na mgonjwa ana saa 3 na dakika 10. Kosa la saa sita limemtoa mtu nje ya dirisha la saa 4 na nusu la dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na wakati huohuo limeharibu hesabu ya ukuaji. Ukikagua fomu kwa haraka hulioni, kwa sababu 04:00 ni saa halali kabisa.

Usiku unaleta kosa jingine. Mtu akisema "usiku wa Jumatano saa nane", wengine wanahesabu usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, wengine unaoufuata. Tofauti ni siku nzima.

Fomu imeandikwa upya hivi. Kwanza, saa inaandikwa kwa maneno kama ilivyotamkwa, pamoja na neno la kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Pili, kwa tukio la usiku inaulizwa "usiku wa kuamkia siku gani?", maneno ambayo kila mtu anayaelewa kwa namna moja. Tatu, saa ya mfumo wa 24 inajazwa na mtu wa pili, akisoma yale maneno, bila kumuuliza ndugu tena. Nne, wote wawili wanaweka saini.

Swali lenyewe pia limebadilika. "Dalili zilianza lini?" linaleta jibu la saa aliyokutwa amelala chini. Tunachotaka ni mara ya mwisho kuonekana mzima, na kwa aliyeamka akiwa amepooza, saa hiyo ni ya alipokwenda kulala. Wauguzi wamelizoea kwa namna hii: "Shikamoo mama. Mara ya mwisho kumwona baba akiongea na kutembea vizuri, ilikuwa kabla au baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku? Alfajiri aliamka kuswali?" Adhana, taarifa ya habari na watoto kutoka shule vinatoa saa ya uhakika kuliko kumlazimisha mtu mwenye hofu akumbuke dakika.

Kabla ya yote hayo, sukari ya kidoleni. Sukari iliyoshuka sana inaweza kumpooza mtu upande mmoja kama kiharusi, na inatibika palepale kitandani.

Wiki ya 4: ndoo ya maji ya betri

Kabla ya kupima ubongo, tumepima kitu ambacho ujazo wake unajulikana. CT inatoa kila nukta namba ya Hounsfield, inayoonyesha kitu kinazuia miale kiasi gani: maji ni 0, hewa ni −1000, ubongo mweupe ni kama 25 hadi 30, wa kijivu kama 35 hadi 40, damu mbichi iliyoganda ni 50 hadi 80 hivi. Tofauti tunazozitafuta ni finyu. Maji yakiongezeka asilimia 1 ndani ya tishu, namba inashuka kama 2 au 3 tu. Mashine iliyoyumba kwa 5 inaweza kuficha kiharusi cha mapema au kukizua.

Vifaa vya jaribio: ndoo ya plastiki ya lita 4 yenye mfuniko, upana wake karibu na wa kichwa cha mtu mzima, maji ya betri yaliyoondolewa chumvi (si asidi), yanayouzwa vituo vya mafuta, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi, bomba la sindano la ml 20, dawa ya rangi yenye miligramu 300 za ayodini kwa ml 1. Dawa hiyo ml 0.8 inaongezewa maji hadi ifike ml 100. Kwa kilovolti 120, mchanganyiko huo unatoa namba karibu na 60, yaani sawa na damu mbichi. Jaza bomba hadi alama ya 20, gonga kwa kidole mpaka mapovu yote yatoke, ziba mdomo kwa kofia yake, ulifunge kwenye ukuta wa ndani wa ndoo lisielee.

Maji yanatakiwa yasome kati ya −4 na +4 katikati ya ndoo na pembeni, kila asubuhi, baada ya tyubu kupashwa moto na hewa kupimwa upya. Siku yakitoka nje ya hapo hakuna picha ya mradi mpaka upimaji huo urudiwe. Mgonjwa anaendelea kuhudumiwa kama kawaida, ila picha yake haiingii kwenye vipimo.

Ndoo imetufundisha mambo mawili.

La kwanza ni unene wa slaisi, yaani kipande chembamba cha kichwa ambacho kila picha inakionyesha, dhidi ya nafasi kati ya slaisi. Mashine inaweza kutoa slaisi zenye unene wa mm 5 lakini zikipishana kila mm 2.5. Anayehesabu slaisi na kuzidisha kwa unene atapata ml 40 kwenye bomba la ml 20. Mara mbili kamili, na namba inaonekana ya kawaida kabisa kwenye jedwali. Kanuni: zidisha kwa nafasi kati ya slaisi, na nafasi hiyo isomwe kutoka kwenye mahali pa kila slaisi ndani ya faili la DICOM, yaani faili asilia la picha kutoka kwenye mashine, si kwenye maandishi ya pembeni ya picha. Ikiwa gantri ya mashine, ile duara anamopita mgonjwa, iliinamishwa, nafasi inapungua kwa kosaini ya pembe. Kwa nyuzi 20 ni 0.94, kosa la asilimia 6.

La pili ni kizingiti. Ukiiambia programu ichukue nukta zote zenye namba kuanzia 44, kama inavyofanyika kwa damu ndani ya ubongo, bomba linasoma pungufu, kwa sababu nukta za ukingoni ni nusu maji nusu dawa na zinasoma 30. Kizingiti sahihi kiko katikati ya vitu viwili vinavyopakana. Ndani ya maji ni 30. Ndani ya ubongo wenye 30 hadi 35, ukipakana na damu yenye 60, ni karibu 45 hadi 48. Hivyo 44 inafaa ubongo, na ndoo isitumike kuikosoa. Tumeandika hivi wazi kwa sababu mjadala huu umekula saa nyingi.

Ndoo haina fuvu. Mfupa unapandisha namba za ubongo ulio karibu nao, na kati ya mifupa miwili ya masikio unapitisha ukanda mweusi juu ya shina la ubongo. Kipimo chochote cha eneo hilo tunakiwekea alama ya shaka.

Wiki ya 5

Mpangilio wa picha umefungwa: kilovolti 120, kuanzia tundu la chini ya fuvu hadi utosini, kidevu kikishushwa ili macho yabaki nje ya miale kadiri inavyowezekana. Kichujio ni cha tishu laini, kilekile kwa picha zote mbili. Kila picha inahifadhiwa mara mbili: slaisi za mm 5 kwa kusomwa, na za mm 1 hadi 1.25 kwa kupimwa. Kiasi cha mionzi kwa CT moja ya kichwa ni karibu milisivati 2. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili kwa mwaka ni milisivati 2.4. Hilo linaelezwa kwa ndugu kwa maneno hayohayo kabla ya kuomba ridhaa, kwani wagonjwa wengi hawawezi kusema.

Wiki ya 6: pini za mtandio

Picha zilizotupwa wiki hii zimetupwa kwa sababu ya chuma na kutikisika, hakuna nyingine.

Pini moja ya mtandio iliyosahaulika juu ya sikio inarusha michirizi nyeupe na myeusi kukatiza ubongo mzima katika slaisi zile, na mchirizi mweupe ukipita kwenye ganda la ubongo unafanana na damu. Kabla ya meza kuingia kwenye gantri, mkono unapitishwa kichwani kuanzia paji la uso hadi kisogoni: pini, vibanio, hereni, vipini, nyaya za kubania nywele za bandia. Rasta za kusuka zisizo na chuma zinabaki. Kufumua rasta za mgonjwa wa dharura ni kupoteza dakika, na ni kumvunjia heshima bila sababu. Mtandio unatolewa na ndugu yake wa kike au muuguzi wa kike, nyuma ya pazia, na shuka safi inakuwa tayari ya kumfunika mara picha inapokwisha.

Kuhusu kutikisika: kamba ya paji la uso na ya kidevu, sponji mbili pembeni, na ndugu mmoja aliyevaa aproni ya risasi akimshika mkono na kumsemesha kwa lugha anayoielewa, mara nyingi Kinyamwezi. Dawa ya usingizi haitolewi kwa ajili ya mradi. Inafunika dalili zinazotakiwa kufuatiliwa na inaweza kumziba pumzi. Picha iliyotikisika inarudiwa mara moja tu, na slaisi zilizoharibika peke yake ikiwezekana.

Wiki ya 7 na ya 8: kupima bonge la damu

Njia ya haraka ni ile ya ABC gawanya kwa 2, iliyoelezwa na Kothari na wenzake mwaka 1996. A ni urefu mkubwa zaidi wa bonge kwenye slaisi ambako ni kubwa kuliko kote. B ni upana wake kwa pembe mraba, kwenye slaisi hiyohiyo. C ni kimo. Slaisi ambayo bonge lake linazidi asilimia 75 ya lile kubwa inahesabiwa 1, kati ya 25 na 75 inahesabiwa nusu, chini ya 25 haihesabiwi.

Mfano wa mazoezi: A sm 5.2, B sm 3.6. Bonge linaonekana kwenye slaisi 7 zinazopishana kila mm 5; 4 kamili, 2 nusu, 1 sifuri. C ni 5 mara sm 0.5, sawa na sm 2.5. Ujazo: 5.2 × 3.6 × 2.5 ÷ 2 = ml 23.4. Anayehesabu slaisi zote 7 kwa uzito sawa anapata ml 32.8, na amemvusha mgonjwa mpaka wa ml 30 unaotumika kukadiria hatari ya kifo.

Njia hii inachukulia bonge kuwa na umbo la yai. Bonge la ndani, kwenye viini vya chini ya ubongo, mara nyingi linakubali. Bonge lenye mikono na vishimo halikubali, na damu iliyomwagika kwenye vyumba vya maji ya ubongo haipimiki hivi kabisa. Kwa hiyo tumeamua: ABC inabaki wodini, kwa uamuzi wa papo hapo. Kipimo cha mradi ni kuchora mpaka slaisi kwa slaisi kwenye 3D Slicer, programu ya bure, ikianza na kizingiti cha 44 hadi 100, kisha mkono wa msomaji unafuta mfupa, utando, na chokaa ya tezi iliyo katikati ya ubongo, ambayo hata hivyo huwa juu ya 100. Damu ya ndani ya ubongo na ile ya vyumbani zinapewa rangi mbili tofauti na ujazo wake unaandikwa kando kando.

"Kukua" tumekufafanua kama kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 33 au zaidi ya ml 6. Asilimia peke yake inadanganya kwa mabonge madogo. Bonge la ml 4 likisomwa ml 5.4 limeshavuka 33, ilhali wasomaji wawili wanaopima picha ileile wanaweza kutofautiana kwa ml 1 au zaidi. Kwa sababu hiyo bonge lililo chini ya ml 10 linahesabiwa kwa kigezo cha ml 6 tu. Mgonjwa halazwi mezani kwa pembe ileile mara mbili, kwa hiyo picha ya pili inapangwa juu ya ya kwanza kwa programu kabla ya kuchora.

Eneo lililokufa la kiharusi cha kuziba ni gumu zaidi, hakuna kizingiti kinachosaidia. Dirisha la kuangalia linabanwa kuwa upana 40 na kitovu 40, ili namba 20 hadi 60 zitawanyike kwenye weusi na weupe wote, na msomaji anachora kwa mkono. Kwenye picha ya kwanza hatuchori. Tunatoa alama za ASPECTS, maeneo 10 ya mshipa wa kati wa ubongo, kila lililoharibika linapunguza 1. Picha ya saa 24 ndiyo inayochorwa. Damu iliyovujia ndani yake inapangwa kwa madaraja manne ya ECASS, jaribio la Ulaya la dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kuanzia vidoa vidogo hadi bonge linalozidi asilimia 30 ya eneo na kusukuma ubongo.

Wiki ya 9: damu pungufu inaficha damu

Hili linastahili kuandikwa kwa herufi nzito kwenye ukuta wa chumba cha kusomea picha. Weupe wa damu mbichi kwenye CT unatokana na hemoglobini. Hemoglobini ikishuka chini ya gramu 8 hadi 10 kwa desilita, bonge jipya linaweza kuwa na rangi ileile ya ubongo. Katika mkoa wenye malaria na selimundu hatuwezi kulichukulia kuwa jambo la nadra. Programu yenye kizingiti cha 44 italiacha bonge zima na kutoa ujazo wa sifuri.

Tangu wiki hii hemoglobini inaandikwa pembeni ya kila picha. Ikiwa chini ya 10, kizingiti hakitumiki, mpaka unachorwa kwa mkono, na msomaji anatafuta kusukumwa kwa mstari wa kati na kufutika kwa mikunjo kabla ya kuangalia weupe. Kinyume chake pia kipo: mgonjwa aliyekaukiwa maji ana damu nzito, na mishipa yake yote inang'aa. Mshipa wa upande mmoja uking'aa peke yake ni dalili ya kuziba. Ya pande zote mbili iking'aa sawa, pamoja na mfereji mkubwa wa juu, ni damu nzito tu.

Wiki ya 10: kutuma na kuficha majina

Slaisi moja ni nukta 512 kwa 512, baiti 2 kila nukta, karibu nusu MB. Slaisi 160 za mm 1 ni MB 80. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama dakika 11, zikibanwa bila kupoteza kitu hupungua hadi nusu au chini yake. Zinatumwa usiku.

Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp inafaa kumuuliza bingwa aliye mbali kama kuna damu au hakuna, na imeokoa muda mwingi. Kupima haifai. Imebaki na ngazi 256 za weusi kwenye dirisha moja, namba za Hounsfield hazimo tena.

Katika kuficha majina tulikosea hatua moja. Programu ilifuta jina, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyotakiwa, ikafuta pia tarehe na saa ya picha, na muda kati ya picha mbili ukapotea. Marekebisho: tarehe zote za mgonjwa mmoja zinasogezwa kwa idadi ileile ya siku, saa inabaki. Saa inayotumika ni ya slaisi ya kwanza kuchukuliwa. Ile ya kufunguliwa kwa kipimo inaweza kutangulia nusu saa. Slaisi nyembamba pia zinaweza kujengwa upya kuwa sura ya mtu, kwa hiyo uso unafutwa kabla faili halijatoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana hapa, na ni haki itubane.

Wiki ya 12: wanaokosa picha ya pili

Anayefariki kabla ya saa 24 hana picha ya pili. Mara nyingi ndiye ambaye bonge lake lilikua kuliko yote. Tukichukua wastani wa waliopigwa picha zote mbili, tiba yoyote itaonekana nzuri kuliko ilivyo, na hospitali yenye vifo vingi itaonekana yenye mabonge yaliyotulia. Uamuzi: kila mgonjwa anapangwa kwenye ngazi moja, kifo kikiwa chini kabisa, kisha anayezidiwa kiasi cha kutoweza kuhamishwa kwenda kwenye mashine, kisha waliopigwa picha kwa mpangilio wa ukuaji. Hakuna anayetolewa kitandani kwa ajili ya mradi ikiwa pumzi au presha haijatulia.

Tumekubaliana pia jinsi picha itakavyoripotiwa. Jaribio la FAST la mwaka 2008 lilitoa dawa ya kugandisha damu. Kwa dozi kubwa bonge lilikua kwa wastani wa asilimia 11, dhidi ya 26 kwa waliopewa dawa bandia. Siku ya 90 vifo na ulemavu mkubwa havikupungua. Jaribio la TICH-2, mwaka 2018, lilitoa asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, kwa wagonjwa 2,325: ukuaji ulipungua kidogo, hali ya mgonjwa siku ya 90 haikutofautiana. Kwa upande wa kuziba, majaribio ya kuvuta bonge kwa katheta yalipojumlishwa, ujazo wa eneo lililokufa ulieleza karibu asilimia 12 tu ya faida waliyoipata wagonjwa. Milimita chache kwenye njia kuu za fahamu zinaweza kumnyima mtu mkono, na eneo kubwa la mbele ya ubongo likamwacha akitembea.

Kinyume chake ni jaribio la INTERACT3 la mwaka 2023, wagonjwa 7,036 katika hospitali 121 za nchi 10, Nigeria ikiwemo. Presha, sukari, joto la mwili na dawa za kuzuia kuganda vilishughulikiwa kwa pamoja mapema, na kilichopimwa ni mtu: hali yake baada ya miezi sita, ambayo ilikuwa bora. Matatu ya kwanza yanafuatiliwa kwa kipima presha, kipima sukari na kipimajoto. Kwenye ripoti yetu basi, ngazi ya Rankin inaandikwa kwanza na ujazo wa picha unafuata chini yake, kwenye jedwali moja, na hakuna jedwali la picha litakalotoka bila la kwanza.

Wiki ya 13

Umeme ulikatika mara mbili. Mashine ilizimika vizuri kwa msaada wa betri za akiba, ila ilipowashwa saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika 47. Picha za siku hiyo zimerekebishwa kwa kulinganisha na daftari la mapokezi. Betri ndogo ya kompyuta ya mashine imebadilishwa. Kwenye orodha ya asubuhi, kabla ya ndoo ya maji, umeongezwa mstari: linganisha saa ya mashine na saa ya simu, andika tofauti kwa dakika, hata ikiwa sifuri.